Mwaka mmoja wa makala za historia ya Afrika: namna ya kuzitazama mbili mbili

Andika "historia ya Afrika" YouTube Jumapili jioni, utaletewa video nyingi kiasi kwamba mwaka unaweza kuisha hujatoka kwa mafarao. Makala zipo tele, kinachokosekana ni mpangilio. Huu hapa ni mpangilio wa mwaka mmoja, kipindi kimoja kwa wiki, ukitumia mifululizo minne ya watu wasiokubaliana. Kanuni ni moja: usimwachie mtangazaji mmoja jambo kubwa. Msikilize na wa pili, uone anasema nini pale wa kwanza alipopita haraka.

Mifululizo yenyewe

Uti wa mgongo ni *History of Africa* ya Zeinab Badawi, mtangazaji wa Uingereza mzaliwa wa Sudan. Ina vipindi 20 vya dakika 45 hivi, ilianza kurushwa 2017, na imesimama juu ya juzuu 8 za Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Inafuata wakati ulivyokwenda, kuanzia binadamu wa kale, na wengi wanaohojiwa ni wanahistoria wa Kiafrika wakizungumza kwao. Iko bure kwenye chaneli ya YouTube ya BBC News Africa.

Wa pili ni Basil Davidson, mwandishi wa habari Mwingereza, kwa *Africa: A Voyage of Discovery* ya 1984, vipindi 8. Wa tatu ni Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, kwa *The Africans: A Triple Heritage* ya 1986, vipindi 9. Wa nne ni Henry Louis Gates wa Marekani, kwa *Wonders of the African World* ya 1999, vipindi 6.

Jumla ni vipindi 43. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo zinabaki 9, na hizo usizijaze. Ramadhani, mitihani ya watoto, misiba, safari za Desemba na umeme kukatika vitazichukua zote. Wengi huacha Machi kwa sababu walipanga wiki 52 kamili, wakakosa mbili, wakajiona wameshindwa.

Ratiba

Wiki 28 za mwanzo ni za Badawi na Davidson kwa pamoja. Badawi anakwenda mfululizo, Davidson anaingizwa pale mada zinapokutana. Kipindi chake cha kwanza kiweke baada ya Badawi kumaliza Kush, ufalme wa kale wa Nubia, nchini Sudan ya leo, kwa sababu Davidson naye anaanzia Nubia na kufika Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe. Hapo sikiliza namna anavyotumia muda mwingi kuthibitisha kwamba Waafrika ndio waliojenga. Si kwamba ushahidi ulikuwa mpya: mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikwisha kulieleza hilo baada ya kuchimba mwaka 1929. Lakini serikali ya walowezi ya Rhodesia ilikuwa imeendelea kulikwepa, na makala ya 1984 ilikuwa bado inabishana nayo. Badawi hana haja ya ubishi huo, anaanza moja kwa moja na falme zenyewe. Tofauti hiyo peke yake inafaa iandikwe daftarini.

Kipindi cha tatu cha Davidson, kinachofuata njia za dhahabu, kikae karibu na kile cha Badawi kuhusu pwani ya Afrika Mashariki. Cha tano kiende na vipindi vya Badawi vya utumwa, cha sita na ukoloni, cha saba na uhuru. Cha mwisho kifunge sehemu hii.

Kisha wiki 9 za Mazrui, na hapa kanuni ya mbili mbili inasimama kwa muda. Mazrui hasimulii, anajenga hoja: kwamba Afrika ya leo imebeba urithi wa asili, wa Uislamu na wa Magharibi kwa wakati mmoja. Ukimkatakata huipati. Mtazame kwa mfuatano, bila kuruka hata kile cha kwanza cha jiografia kinachoonekana cha polepole. Huko Marekani alikasirisha wakubwa: Lynne Cheney, aliyeongoza mfuko wa taifa wa taaluma za utu uliochangia dola 600,000, alitaka jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili mwishoni mwa filamu. Ukifika kipindi cha nne, kinachohusu unyonyaji, utaelewa kwa nini.

Gates anakuja mwisho, wiki 6.

Mfano wa karibu: pwani

Hapa ndipo mpangilio huu unapolipa. Kipindi cha pili cha Gates kinahusu Waswahili. Anawauliza watu wa pwani kwa nini wanajihesabu Washirazi, yaani wenye asili ya Uajemi, au Waarabu ilhali yeye akiwatazama anaona Waafrika. Mazrui aliandika kuupinga mfululizo ule waziwazi. Ukiwa umemaliza wiki 9 za Mazrui, swali la Gates utalisikia kwa sikio jingine: Mmarekani anapima ukoo wa watu wa Lamu na Unguja kwa kipimo cha rangi cha nchini kwake.

Baada ya hapo linganisha na kilichojulikana baadaye. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa 1331, na kila makala itakueleza hilo. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, ulionyesha misikiti midogo ya miti ikijengwa na kujengwa upya mahali pale pale kuanzia karne ya 8, ndani ya mji uliokua wenyewe, si koloni lililoletwa na jahazi. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya zamani ya pwani na maeneo ya jirani: mchanganyiko wa Waafrika, kwa sehemu kubwa upande wa akina mama, na Waajemi, kwa sehemu kubwa upande wa akina baba, ulioanza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo wazee waliosema Shirazi hawakuwa wakibuni tu, na wachimbaji waliosema miji ni ya hapa hapa hawakukosea. Hakuna kipindi kati ya hivi 43 kilichokuwa na majibu hayo ya 2023. Ndiyo maana kabla ya kubonyeza, andika mwaka wa kutengenezwa juu ya ukurasa.

Daftari na ukuta

Daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha. Piga mistari, pata safu nne: dakika, dai, nani kasema, ushahidi gani. Mstari unaweza kuwa hivi: "Dk 31 / mipaka yetu ilichorwa Berlin / msimulizi / ramani tu." Madai matatu kwa kipindi yanatosha, ukiandika kumi unaacha kutazama. Baada ya kipindi chagua moja tu ulikague. Dai la Berlin, kwa mfano, halisimami lilivyo: mkutano wa 1884 na 1885 ulishughulika zaidi na biashara ya Kongo na Niger na masharti ya kutwaa ardhi, na mistari mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya nchi mbili mbili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 ulioiweka Zanzibar chini ya Uingereza.

Ukutani bandika karatasi ya manila yenye mistari miwili ya nyakati. Wengi huchora mmoja, halafu miaka 150 ya mwisho inarundikana pembeni haisomeki. Wa kwanza uanzie 1000 KK hadi 1800, sentimita 1 kwa miaka 50, utakuwa na urefu wa sm 56. Wa pili uanzie 1800 hadi 2000, sentimita 1 kwa miaka 5, sm 40. Tumia penseli, kalamu ya wino baadaye.

Picha za zamani

Sinema ilianza 1895. Chochote kinachotembea kwenye skrini kuhusu jambo la kabla ya hapo ni maigizo, hata kikitiwa rangi ya kahawia na mikwaruzo. Sauti za bunduki na makelele kwenye filamu za Vita Kuu ya Kwanza ziliongezwa studio, kwa kuwa kamera za wakati ule hazikunasa sauti. Watu wakionekana wanatembea mbio mbio kama vibonzo, ujue filamu ilizungushwa kwa mkono, picha 16 hivi kwa sekunde, na sasa inachezwa kwa 24. Hata filamu ya kweli ina vya kupangwa: ile maarufu ya 1916 kuhusu mapigano ya Somme, Ufaransa, ina askari wakitoka handakini na mmoja akianguka, na sehemu hiyo iliigizwa mbali na mapigano.

Kwa Afrika, angalia sana picha za "maisha ya kijijini" za miaka ya 1940 na 1950. Nyingi zilitoka kwenye kitengo cha filamu za makoloni cha serikali ya Uingereza kilichoanzishwa 1939, kazi yake ikiwa kufundisha na kushawishi.

Bando

Vipindi vyote ni kama saa 37. Kwa ubora wa 480p, saa moja inakula karibu MB 500, hivyo mwaka mzima ni GB 18 au 19. Kwa 360p ni kama GB 11, lakini majina ya wanaohojiwa hayasomeki vizuri, na bila majina safu yako ya tatu inabaki tupu. Mazrui na Davidson usiwatazame kwa 720p: nakala nyingi zilitolewa kwenye kanda za VHS, unalipia ukungu ule ule mara mbili. Pakua kwa bando la usiku, lakini fahamu kuwa video iliyopakuliwa ndani ya programu hufungwa usipounganisha intaneti kwa muda.

Zima kucheza kiotomatiki siku ya kwanza, na vipindi vyote viweke kwenye orodha yako mwenyewe. Usipofanya hivyo, baada ya Kush utapelekwa kwa wanaosema piramidi zilijengwa na viumbe wa angani, au kwa chaneli zinazosomwa na sauti ya kompyuta, zisizotaja mwandishi wala mwanahistoria hata mmoja. Kwa mifululizo ya zamani hakiki jina na namba ya kipindi, maana waliopakia mara nyingi huvikata vipande au kuvichanganya. Maandishi ya chini yanayojitafsiri kwa Kiswahili yanasaidia kufuata sentensi, ila huharibu majina ya watu na mahali. Majina yachukue kwenye skrini.

Ukifika Oktoba uko nyuma zaidi ya wiki zako 9 za akiba, punguza kwa Gates: bakiza kile cha Waswahili, vingine vitano viache. Mazrui usimguse.