SOMO: Monita ina ukungu? Pitia hapa kabla hujaniletea

Wakuu, wiki hii watu watatu wamenibebea monita hadi Ngamiani, hapa Tanga, wakidai kioo kimekufa. Hakikufa hata kimoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Zima, futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Spiriti marufuku.

2. Fungua "Display settings" ya Windows, chagua rezolusheni (idadi ya nukta za picha) yenye neno "Recommended". Kioo cha 1920 kwa 1080 ukikilisha 1366 kwa 768, lazima kitanue picha, na herufi zinavimba. Unaona maandishi madogo? Pandisha "Scale" hadi 125%, rezolusheni iache.

3. Una waya wa HDMI, ule wa kidijitali? Utumie, ruka hadi 5.

4. Waya wa VGA, ule wa kichwa cha bluu chenye pini 15. Hapa niliaibika. VGA haipeleki nukta zilizohesabiwa, inapeleka mawimbi, na monita inakisia kila nukta inaanzia wapi. Ikikosea, herufi zinaota kivuli. Dawa ni kitufe cha AUTO. Mimi nilikibonyeza desktop ikiwa nyeusi tii. Monita haikuona ukingo wa picha, ikaisogeza kushoto hadi nusu ya "Start" ikamezwa. Nikamwambia mzee wa watu kioo kibovu, akanunua kingine, kwangu mimi. Hadi leo tukipishana Makorora naangalia chini. Basi fungua KWANZA ukurasa mweupe uliojaa maandishi, uenee kioo kizima, ndipo ubonyeze. Herufi zikiendelea kutetemeka, ingia menyu ya monita, "Phase", sogeza namba moja moja. "Clock" usiiguse kama huoni mistari mipana ya wima.

5. Andika "ClearType" (kinolea herufi cha Windows) kwenye Start, ifungue, chagua maandishi unayoyaona safi.

MASWALI

— Mkuu nimefanya zote, bado ukungu.
— Zote? Ulifungua ukurasa mweupe?
— Hapo sijafika.
— Fika.

— Kaka, nimepandisha "Sharpness" hadi 100, mbona herufi zina mpaka mweupe?
— Umeangalia vizuri. Ile haiongezi nukta, inachora ukingo kuzunguka herufi. Monita nyingi zinataka katikati. TV nyingi zinataka sifuri au jirani yake. Shusha taratibu ukitazama herufi "m", miguu yake ikitengana bila mpaka, acha hapo.

— Shikamoo fundi. Natumia TV, kingo za picha zinakatwa.
— Marahaba binti. TV inakuza picha kidogo na kumeza pembeni. Kwenye menyu ya picha tafuta "Just Scan" au "Screen Fit". Ukiweza, badili jina la tundu hilo la HDMI kwenye menyu ya TV liwe "PC". Kwenye TV nyingi maandishi mekundu yenye ukungu yanatulia hapo hapo.

— Mimi nipo Raskazone, pini za VGA zimeota kijani.
— Chumvi ya bahari hiyo. Chomoa, spiriti ya isopropili kidogo kwenye mswaki laini, zikauke kabisa. Taratibu, pini zinapinda.
— Si umesema spiriti marufuku?
— Kwenye KIOO. Jamani someni.