Jinsi ya kufuatilia kitu cha makumbusho mpaka kwenye meli iliyokileta

Ukikuta kwenye kabati la makumbusho huko Ulaya kitu kimeandikwa "kililetwa na Captain Cook", usikubali haraka. James Cook, nahodha wa Uingereza, alifanya safari tatu za Pasifiki, 1768–1771, 1772–1775 na 1776–1780 (ile ya tatu yeye hakurudi, aliuawa Hawaii Februari 1779), na jina lake lilipandisha sana bei mnadani, kwa hiyo limebandikwa kwenye vitu vingi ambavyo havikuwahi kupanda meli zake. Lebo ni madai tu, ushahidi lazima uutafute.

Anza na namba ya usajili. British Museum ya London na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge wameweka katalogi zao mtandaoni bure, ingiza namba, soma kila kilichoandikwa, afu waandikie imeili uombe picha ya upande wa nyuma na skani ya ule ukurasa wa rejista wa siku kitu kilipopokelewa. Usiombe "taarifa zote" maana watakutumia ileile lebo, omba ukurasa. Unachotaka kujua ni jina la Cook limeingia lini. Kama rejista ya mwanzo haimtaji halafu miaka themanini baadaye anatokea kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, hapo shtuka.

Ukishapata hiyo rudi nyuma mmiliki mmoja mmoja, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, usiruke hata mmoja. Chukua joho la manyoya ya ndege na kofia ambavyo chifu wa Hawaii, Kalaniʻōpuʻu, alivivua mwilini mwake akamvisha Cook pale Kealakekua tarehe 26 Januari 1779. Vilifika London vikaingia makumbusho ya Ashton Lever, vikaja kwa William Bullock, mwenye makumbusho mwingine, naye Bullock alipouza mali yake 1819 vikanunuliwa na Charles Winn, familia ikakaa navyo mpaka 1912 Lord St Oswald wa familia hiyohiyo alipovitoa zawadi kwa makumbusho ya Wellington, New Zealand, na 2016 vikarudi Honolulu. Mnyororo kama huo ndio unaoutaka. Makumbusho ya Lever yalipigwa mnada 1806, siku 65, loti zaidi ya 7,000, na zipo nakala za katalogi ya mnada ambazo watu waliandika pembeni kwa mkono jina la mnunuzi na bei. Tafuta hizo nakala, maana ile pembeni ina faida kuliko maandishi ya katalogi yenyewe.

Pia shuka upande wa pili, kutoka kwenye meli. Chora njia ya kila safari na tarehe zake. Cook alifika Hawaii mara ya kwanza Januari 1778, kwa hiyo kitu cha Hawaii kinachodaiwa ni cha safari iliyoisha 1771 hakiwezekani, basi, umemaliza. Na kumbuka aliyekusanya sio Cook peke yake, walikuwepo wataalamu wa viumbe, Joseph Banks safari ya kwanza, Johann Reinhold Forster na mwanawe George safari ya pili, pamoja na mabaharia wa kawaida waliokuwa wanabadilishana misumari na vitambaa kwa vitu halafu wakifika nyumbani wanauza. Isitoshe nahodha mwingine Mwingereza, George Vancouver, alipita maeneo mengi yaleyale miaka ya 1790, vitu vyake na vya Cook vinachanganywa kila siku.

Kuna michoro pia. Sarah Stone alichora vitu vya Lever kwa rangi miaka ya 1780. Ukilinganisha usiridhike kwamba "vinafanana", tafuta ufa uleule, fundo la kamba lilelile, kipande kilichomeguka palepale.

Halafu kiulize kitu chenyewe. British Museum kuna ngao ya magome yenye tundu katikati, kwa miaka mingi ilisemwa ndiyo ile ya Wagweagal, wenyeji wa Australia waliopigwa risasi na watu wa Cook huko Botany Bay (Sydney ya leo) Aprili 1770, na tundu ni la risasi. Mbao ilipopimwa ikaonekana ni jamii ya mkoko, na watu wa pwani mnajua mkoko hauoti popote tu, wa jamii hiyo ulio karibu zaidi na Sydney uko kama kilomita 500 kaskazini. Tundu nalo halikuonekana kuwa la risasi. Lakini mikuki minne iliyochukuliwa kwa Wagweagal wakati uleule ilisimama imara kwa sababu Lord Sandwich, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, aliikabidhi Trinity College, Cambridge, mwaka 1771 na karatasi zipo, na 2024 ikarudishwa kwa wenyewe kule La Perouse, Sydney.

Ukiandika matokeo tenganisha wazi: kilichothibitishwa kwa karatasi, kinachoelekea kuwa kweli, na kinachosemwa tu. Pengo liache wazi na uandike miaka yake, usilizibe kwa kukisia, maana mtu atakuja kunukuu kisio chako kama ukweli na huo ndo mwanzo wa lebo nyingine ya uongo. Na kabla hujaposti popote wapelekee kwanza wazao wa watu waliotengeneza kile kitu, wanajua majina ya mafundo na miti ambayo hayamo kwenye rejista yoyote, na ikiwa lebo ya zamani imeanguka, wao ndio wa kwanza kuulizwa kitu ni cha nani sasa.