Kusajili laini kwa mtu ambaye vidole "havisomi"

Wiki iliyopita bibi mmoja mbanguaji korosho alikaa kibandani kwangu hapa Masasi tangu saa nne mpaka adhuhuri, mashine ya alama za vidole inamkataa tu. Mawakala wenzangu, haya ndiyo niliyojifunza.

Hatua ya 1. Ingiza namba ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), tarakimu zote 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikitofautiana na anavyokwambia, hakiki namba kabla ya kuhangaika na kidole.

Hatua ya 2. Futa kioo kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 3. Andaa kidole. Mashine inapiga picha ya vile vimistari vya ngozi na kuilinganisha na iliyochukuliwa NIDA. Sasa mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, saruji inawala mafundi, na uzee wenyewe unakausha mikono. Kidole kikavu picha inakuja hafifu. Kilicholowa, vimistari vinaungana vinakuwa doa. Kwa hiyo anawe, ajikaushe, apake mafuta ya mgando kidogo sana, mpige soga dakika tano, kisha afute yote. Yote! Kitakasa mikono sikitaki kabisa mezani kwangu, kinakausha. Na wale wa kulambisha watu kidole, acheni, ni uchafu na picha haitoki.

Alaze kidole bapa, kioo kiguse katikati yake, siyo ncha. Asikandamize. Mimi nilikuwa namshikia bibi wa watu gumba na kuligandamiza kwa nguvu zangu, kumbe ndiyo navitandaza vimistari vyenyewe. Saa mbili zimeenda hapo. Gumba likikataa mara tatu, hama. Kilichosoma kwa bibi ni kidole cha pete cha kushoto, mara ya kwanza tu, maana hakishiki korosho wala kisu.

Hatua ya 4. Vikikataa vyote, acha. Haina maana kwamba siye yeye, picha mbili tu hazijafanana vya kutosha. Aende ofisi ya NIDA ya wilaya aeleze kwamba alama zake hazisomeki. Usitumie namba na kidole cha mjukuu, laini itakuwa ya mjukuu.

Hatua ya 5. Kila anapobonyeza, mwambie kwa nini: "Bibi, hii ni kwa laini hii hii, ya kwanza imekataa." Wapo wenzetu wanaosema "imegoma, rudia", kumbe imekubali na wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Ukimaliza piga *106# kwenye simu yake, msomee namba zote zilizosajiliwa kwa jina lake.

Bibi alikutwa na tatu. Anayoijua ni moja. Zile mbili tulikwenda kuzikana siku hiyo hiyo kwenye duka la mtandao wake wa simu, na huko nako wakamwambia aweke kidole.