Jinsi ya kumfundisha Józef Beck darasani bila watoto kusinzia

Walimu wenzangu wa historia hapa Dodoma, huyu jamaa usimwanzishe na "alizaliwa Warsaw 1894", saa nane mchana na hili joto letu utabaki unaongea na ubao. Anza na tarehe 5 Mei 1939, Beck, waziri wa mambo ya nje wa Poland, kasimama bungeni anamjibu Hitler anayeutaka mji wa bandari wa Danzig, anasema amani ina bei yake lakini heshima haina bei.

Halafu chukua manila, chora Ujerumani kushoto, Urusi ya Kisovieti kulia, Poland katikati. Mimi huwa nawaambia ni kama siti ya kati kwenye daladala ya Nkuhungu ikiwa imejaa, ukisogea huku unamkera wa kule. Hapo ndo wanaelewa kwa nini Beck, aliyeshika wizara 1932 akiwa mtu wa Piłsudski, kiongozi mkuu wa Poland enzi hizo, alisaini na Wajerumani mkataba wa kutoshambuliana Januari 1934 bila kuwa rafiki yao.

Ila usimpambe sana. Oktoba 1938 Poland nayo ilijimegea eneo la mpakani la Zaolzie toka Czechoslovakia, waache wabishane hata kengele ikilia.

Mwisho pitisha haraka: Septemba 1939, Poland ilipovamiwa, Beck kakimbilia Romania, akazuiliwa huko, kafa kwa kifua kikuu 1944.