Namna ya Kupima Kama Mashine za Watoto Wachanga Mahututi Zinaokoa Maisha

Wodi ya watoto wachanga ikipata mashine mpya, jambo la kwanza kuripotiwa huwa ni idadi ya mashine, nayo haisemi lolote kuhusu tija. Anza kwa swali moja mahususi: je, njiti wa gramu 1,000 hadi 1,499 waliosaidiwa kupumua kwa mashine ya mapovu (CPAP, inayosukuma hewa mapafuni kupitia puani) walifika siku ya 28 wakiwa hai kwa wingi kuliko wenzao wa uzito huohuo kabla mashine haijaletwa?

Usichanganye mtoto wa gramu 900 na wa gramu 2,400 katika hesabu moja. Kwenye rejesta andika uzito, umri wa mimba kwa wiki, mahali alipozaliwa, na joto la mwili alipopokelewa, kwa kuwa aliye chini ya nyuzi 36.5 amekwisha kupoa na yumo hatarini hata mashine iwe nzuri kiasi gani.

Hapa Mwanza, rufaa ndizo zinazopotosha hesabu kwa urahisi zaidi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema au Geita halisubiri tena kivuko. Anayelinganisha vifo vya kabla na baada ya hapo bila kuwatenga watoto wa rufaa anaweza kuisifu mashine kwa kazi iliyofanywa na daraja, au kuilaumu bure, maana mtoto ambaye zamani angefia njiani sasa anafika wodini akiwa mahututi. Wa Ukerewe, ambao bado huvushwa ziwani, wahesabiwe peke yao.

Pima pia saa ambazo umeme ulikatika na idadi ya watoto kwa kila muuguzi katika zamu. Oksijeni iliyozidi huweza kuharibu macho ya njiti. Asiyepimwa macho asiandikwe kuwa amenusurika bila madhara.

Tena, mashine isilinganishwe na wodi isiyo na chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba kuanza huduma ya kangaroo (mtoto kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi) mapema, kabla hali ya njiti haijatengemaa, kulipunguza vifo vya siku 28 kwa takribani robo. Kwa maoni yangu, kuilinganisha mashine na huduma hiyo ndicho kipimo cha haki.

Mama anaporuhusiwa, chukua namba yake ya simu na ya jirani, hasa akiwa anarudi kwenye kambi ya uvuvi. Asiyepatikana siku ya 28 aandikwe “hajulikani”, kamwe asiandikwe “mzima”.