Gesi au petroli: piga hesabu kabla hujatoa buti lako

Kuna watu wanataka kufunga mfumo wa gesi kwenye gari ya petroli, wanaona bei ya kilo ya gesi, wanaona bei ya lita ya petroli, wanatoa moja kwa nyingine wanasema faida ndo hiyo. Hapana bwana. Kilo moja ya CNG, yaani hiyo gesi asilia iliyoshindiliwa kwenye mtungi, ina nguvu kama lita moja na nusu ya petroli, kwahiyo bei ya lita izidishe mara 1.5 kwanza halafu ndo ulinganishe.

Pima gari yako pia. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha trip (kihesabu kilometa cha safari) kwenye sifuri, zunguka siku zako mbili tatu na foleni zako za Mbagala, rudi sheli ileile ujaze tena ikate, gawanya kilometa kwa lita ulizojaza mara hii ya pili. Toyota IST yangu ilinipa kilometa 12 kwa lita, kwahiyo kwenye gesi naitegemea 18 kwa kilo, ikishuka sana hapo namtafuta fundi.

Mtungi wa lita 60 usikudanganye, kwa presha ya bar 200 unaingia kama kilo 10 tu, yaani sawa na lita 15 za petroli, na buti ndo limeenda hivyo, begi la abiria wa airport mtapakata.

Kwenye kuvuta, gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya injini, nguvu inapungua kama asilimia 10 hivi. Okteni yake, yaani uwezo wa kugandamizwa bila kujiwakia yenyewe, ni kubwa kweli, 120 na kitu, ila injini iliyoundwa kwa petroli haiwezi kuifaidi. Mjini hutajua, ila panda mlima Kitonga na watu wanne na AC inapuliza, utaisikia inakosa pumzi, hapo bonyeza swichi urudi petroli tu.

Plagi nazo! Gesi ni ngumu kuwaka, plagi iliyochoka ambayo petroli ilikuwa inaivumilia kwenye gesi inamisi. Mimi fundi mmoja aliniuzia koili mpya kumbe plagi tu, bado inaniuma.

Ethanoli nayo, ile pombe inayotumika kama mafuta ya gari, ina nguvu kama theluthi mbili ya petroli kwa lita, ndo maana madereva wa Brazili wanainunua bei yake ikiwa chini ya asilimia 70 ya petroli, hesabu ileile.

Na tenki la petroli usiliache kavu, gari inawaka na petroli kwanza ndo ihamie gesi, halafu pampu iliyomo tenkini inapozwa na hayohayo mafuta, robo tenki iwepo muda wote.