Somo: kuonja wiski ya moshi

Wakuu za baridi, huku Uyole, Mbeya, saa hizi ni jaketi na soksi mbili. Niliahidi somo la singo molti ya moshi, haya twende.

Singo molti ni kimea cha shayiri tupu, kiwanda kimoja, na ya Scotland lazima ilale kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3. Kimea ni mambo yaleyale ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, nafaka inalowekwa ichipue halafu inakaushwa, sasa kule Islay, kisiwa cha Scotland, viwanda vingi wanaikausha kwa moshi wa piti, yaani mimea iliyoozea kwenye majimaji miaka maelfu ikawa udongo mweusi, wanaukata kama tofali, wanauanika, unawaka. Moshi ndo unaacha fenoli kwenye kimea, yaani kemikali zenye harufu ya moshi na dawa. Viwanda vya hukohuko Islay, Ardbeg wanataja fenoli kama sehemu 55 kwa milioni, Lagavulin kama 35, ila hiyo ni kwenye kimea, ikishapita mtamboni nyingi inapotea, kwa hiyo usinunue namba.

Hatua ya 1: glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, mimina kidogo tu. Rangi usiijali, karameli inaruhusiwa.

Hatua ya 2 ni pua na hapa ndo penyewe. Mimi chupa yangu ya kwanza niliifungulia jikoni kwa bibi Kyela, anabanika samaki mbasa, nikanusa weee hamna kitu, nikajua nimepigwa. Kesho yake asubuhi nje barazani naifungua tena, aidini, majivu, halafu nyuma yake limau na chumvichumvi! Pua inazoea moshi haraka sana. Kwa hiyo kaa mbali na jiko, mdomo wazi kidogo, nusa, toa, nusa mkono wa shati lako, rudi tena. Moshi kila mtu anauona, wewe tafuta kilichojificha nyuma yake, kama hakuna kitu hiyo wiski ni ya kawaida tu hata iwe na moshi wa tanuri.

Hatua ya 3: funda dogo, zungusha, meza au tema. La kwanza linaunguza tu, hukumu la pili. Kisha matone mawili matatu ya maji yasiyo na dawa, onja tena, andika.

MASWALI

— Mkuu na barafu je?
Kunywa sawa, kuonja hapana, ubaridi unafunga harufu. Na Juni hii kaka, barafu ya nini?

— Yangu inanuka hospitali kabisa, imeharibika?
Hapana dada, ndo fenoli hizo. Laphroaig, nayo ya Islay, ndo zake.

— Chupa nailaza kama waini?
Simamisha, pombe kali inakula kizibo.

— Bei imesimama, nifanyeje?
Changeni wanne. Na glasi usiioshe usiku huo, asubuhi ikishakauka inuse, utakuta jiko la kuni lililozimika.